Alinijibu maswali yote, kisha akanirudishia sabuni

Kwako Shangazi,

Pokea salamu kutoka huku Eastlands. Mtaa wenyewe nitauficha, maana ukitajwa tu watu wa ploti yetu watajua ni mimi. Nina miaka 27, sijaolewa, nina mtoto mmoja wa miaka 6. Tangu mwezi wa pili nimepata kibarua cha kukusanya data. Ni utafiti wa jinsi wanawake wa mitaa yetu wanavyopata huduma za kupanga uzazi, na wanakokimbilia mimba inapoharibika au inapoavywa. Tulifunzwa, tukatia saini kiapo cha kutunza siri, tukapewa tableti na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Unabisha mlango, unamsomea mtu fomu ya ridhaa, akikubali mnatafuta pahali ambapo hakuna anayewasikia. Maswali huchukua kama saa moja. Ukimaliza unampa kipande cha sabuni ya kuogea na karatasi yenye orodha ya vituo vya afya, unaenda mlango wa pili.

Wiki tatu zilizopita nilibisha mlango mmoja, akanifungulia binti ninayemjua. Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Ni binti wa mama anayetuongoza kwaya kanisani. Ana miaka 19, anasoma chuo. Sikujua kwamba walikuwa wamehamia ploti ile. Sheria yetu ni kwamba ukikuta mtu unayemjua, unampisha mwenzako aje amhoji. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Aa dada, bora wewe. Huyo mwingine simjui." Nikaketi.

Mama yake alikuwa ameenda sokoni. Neema alikuwa anajibu huku akikata sukuma wiki kwenye sinia. Tulipofika kwenye njia za kupanga uzazi akacheka kidogo. Akaniambia mwaka jana alienda kliniki kuomba kijiti cha kuzuia mimba. Nesi akamwuliza mbele ya foleni, "Umeolewa? Una watoto wangapi?" Aliposema hana, akaambiwa asome kwanza, kijiti kitamharibu kizazi. Hakurudi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kutoka kemisti ya hapo steji. Kuna wakati alikosa pesa, akaimeza siku ya sita, akajua amejikinga.

Nilipofika kwenye lile swali lenyewe aliweka kisu chini. Akaniambia yote. Kwamba alipata namba ya simu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlingoti wa stima, akatuma pesa, akaletewa vidonge vilivyofungwa kwa kipande cha gazeti na mtu wa boda ambaye hakuvua hata helmeti. Kwamba alitokwa na damu siku nyingi. Kwamba miezi mitatu sasa tumbo la chini linamuuma, likitulia siku mbili linaanza tena, na kuna uchafu unaotoka wenye harufu. Hospitali hajaenda. Anasema wakimpima watajua, na wakijua wataita polisi.

Tableti yangu ilikuwa inataka nijaze: ndiyo, hapana, au amekataa kujibu. Nikajaza. Nikaenda swali lililofuata. Shangazi, niliendelea hadi mwisho kama mtu anayehesabu magunia. Nilipofunga tableti akaniuliza, "Sasa dada, nimekuambia yote. Wewe utanisaidiaje?" Nikamwambia asante kwa muda wako, nikampa sabuni na karatasi, nikatoka.

Kesho yake asubuhi niliikuta ile sabuni juu ya mtungi wangu wa maji nje ya mlango, bado imefungwa.

Jumapili iliyofuata mama yake alinivuta kando baada ya mazoezi. "Siku ile ulikuja kwangu na kale kamashine kako, ulimwuliza nini mtoto wangu? Tangu siku hiyo hali vizuri, hasemi na mtu, na kanisani hataki kuja." Nikababaika, nikasema yalikuwa maswali ya maji na vyoo. Nilimdanganya nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka madhabahuni.

Na huyu mama si mtu baki kwangu. Nilipopata mimba ya mtoto wangu bila ndoa, kanisa zima lilinipa mgongo, yeye peke yake akaja hospitalini na uji kwenye chupa ya chai, siku nne mfululizo. Sasa mimi ndiye ninayemficha.

Shangazi, nimwambie? Nikimwambia nimevunja kiapo. Nisipomwambia na binti akafa, damu yake itakuwa juu yangu. Nimesikia pia kwamba mtu akijua habari ya mimba iliyoavywa akanyamaza, naye ni mshtakiwa. Msimamizi wangu sijamwambia kitu, kwa sababu akijua nilimhoji mtu ninayemfahamu nitafutwa, na kodi ya nyumba hainisubiri. Na kuna kitu kinanisumbua zaidi usiku: hizi tafiti zinamsaidia nani? Wanatoa kila kitu moyoni, tunawaachia sabuni.

Mwenye sabuni isiyo yangu, Nairobi


Mwanangu,

Barua yako niliisoma usiku, na nilikuandikia ujumbe mfupi usiku huohuo kwa sababu tumbo la chini linalouma miezi mitatu na uchafu wenye harufu havingoji zamu ya safu hii. Nilikuambia mambo mawili: Neema aonwe na daktari ndani ya siku moja au mbili, na mama yake usimwambie. Ulinijibu kwamba umempigia Neema, na amesema atafikiria. Haya mengine nakuandikia kwa urefu, kwa ruhusa yako, kwa kuwa wako wengi wanaozunguka mitaani na tableti huku wamebeba mzigo kama wako.

Nianze na mama, maana hapo ndipo ulipokwama. Neema ana miaka 19, ni mtu mzima. Alikukubalia yeye mwenyewe baada ya wewe kumsomea, kwa sauti yako, kwamba atakayoyasema hayatafika kwa mtu mwingine. Hakuna mstari kwenye fomu yako unaosema "isipokuwa kwa mama aliyetufaa". Ule uji ulikuwa wema kati yake na wewe, na deni lake utalilipa maisha yako yote kwa mali yako na mikono yako. Siri ya bintiye hukuimiliki hata uitoe kulipia.

Lakini uongo wa maji na vyoo uurekebishe, kwa sababu siku moja atakutana na mwanamke mwingine aliyehojiwa na ataujua. Mwambie: "Mama, siku ile nilikujibu vibaya. Maswali yale yalikuwa ya afya ya wanawake, na ndiyo tunayowauliza wanawake wote wa umri huo. Majibu ya mtu siruhusiwi kuyasema. Hata wewe ungenijibu, Neema nisingemwambia." Kisha unyamaze. Akikubana, rudia hayohayo kwa upole. Yule mama ameongoza kwaya miaka mingi, amesikia siri za watu wengi kukuzidi, ataelewa hata akikasirika. Na kama unataka kumwongezea kitu, mwambie mtoto asiyekula na asiyesema anahitaji kuulizwa "unaumwa wapi?" kabla ya kuulizwa "mbona huji kanisani?" Hapo hujatoa siri yoyote, umemwambia anachokiona mwenyewe.

Sasa nije kwa kosa ninaloliona mimi. Hukukosea kutunza siri. Ulikosea ulipodhani kwamba kiapo kilikufunga mdomo hata mbele ya Neema. Siri ile ni ya watu wawili, na mmoja wao ni yeye. Kwake unaweza kusema yote. Alipokuuliza "utanisaidiaje?" kiapo hakikukukataza kuifungua ile karatasi, kumsomea, kumwonyesha kituo kipi kiko karibu, kumwambia kwamba dalili hizo zinatibika. Karatasi ile iliwekwa kwenye mkoba wako kwa ajili ya watu kama yeye hasa. Ulimpa ikiwa imekunjwa, pamoja na sabuni, kama risiti. Nakuambia hivi bila kukuchukia. Ulikuwa umeshtuka, na tableti ilikuwa inakuonyesha swali linalofuata.

Nami si mtakatifu katika hili. Nilikuwa nesi miaka 22 katika hospitali ya umma kabla ya kuandika safu hii. Nikiwa bado mgeni kazini, msichana mmoja alikuja kwenye chumba cha kupanga uzazi akiwa amevaa sweta ya shule, ameigeuza ndani nje ili nembo isionekane. Nilimwuliza watu wakisikia, "Mume yuko wapi?" Akageuka, akaondoka. Miezi minne baadaye niliingia zamu ya usiku nikamkuta wodini. Nilimtambua kwa ile sweta, imekunjwa chini ya kichwa chake iwe mto. Alipona. Lakini nilimbadilishia dripu mara tatu usiku ule na hakunitazama hata mara moja, na mimi sikuthubutu kumwambia kwamba ninamkumbuka.

Kwa hiyo Neema anaposema aliulizwa "umeolewa?", usidhani alikutana na nesi mmoja mwenye roho mbaya. Tulirithishana swali hilo. Miongozo ya kupanga uzazi tuliyopewa haimtaki msichana alete cheti cha ndoa, wala azae mtoto wa kwanza ndipo apewe kijiti. Na kijiti hakiharibu kizazi: kikitolewa mkononi, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Kinachoweza kuharibu kizazi ni hiki alicho nacho sasa. Maambukizi yakiachwa tumboni hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, yakaacha makovu, na baadaye mtu akakosa mtoto au mimba ikatunga nje ya mfuko wa uzazi. Ndiyo maana nilikuambia siku moja au mbili.

Kuhusu polisi, hofu ya Neema ina mzizi na sitamdharau kwa hofu hiyo. Kanuni ya Adhabu bado ina vifungu vya 158 hadi 160: hadi miaka 14 jela kwa anayemtoa mtu mimba kinyume cha sheria, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayempa dawa au kifaa akijua kazi yake. Katiba ya 2010 ilipokuja, kifungu cha 26(4) kikasema kuavya mimba hakuruhusiwi isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Watu wengi hawaijui sehemu hiyo ya pili. Wanajua neno "hakuruhusiwi" tu, na juu ya neno hilo mtu wa boda anafanya biashara.

Lakini anachokihitaji Neema leo ni matibabu ya mgonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, ya uzazi ikiwemo, na kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Huduma hii hutolewa katika hospitali za umma. Sisi manesi tuliiita huduma baada ya mimba kuharibika. Wanawake wa Nairobi wanaiita kusafishwa. Hospitali ya kaunti kama Mama Lucy au Mbagathi inapokea wagonjwa wa aina hiyo, wakiwemo ambao mimba zao zilitoka zenyewe. Akifika aseme: "Nilikuwa na mimba, ikatoka mwezi fulani, hadi leo naumwa." Daktari atahitaji kujua tarehe, dawa alizomeza kama anazikumbuka, na kama kuna kitu chochote kilichoingizwa ukeni, kwa sababu hapo itabidi pia afikiriwe sindano ya pepopunda. Anauliza ili atibu. Mimba iwe ilitoka yenyewe au ilitolewa, matibabu ni yaleyale. Watampima joto na damu, watapima pia kama mimba kweli haipo, maana vidonge vya kununuliwa gizani havina mdhamini, na huenda akapigwa picha ya ultrasaundi. Kukiwa na mabaki, hutolewa kwa dawa au kwa kufyonzwa na kifaa kidogo cha mkono, kazi ya dakika chache. Kukiwa na maambukizi atapewa antibiotiki, na azimalize zote hata maumivu yakiisha siku ya pili.

Ikiwa kabla ya kwenda ataanza kutetemeka kwa homa, au kuzirai, au kutokwa na damu ya kulowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, asingoje kupambazuke. Hapo hata wewe usingoje ruhusa ya mtu. Mwitie gari, mpeleke. Anayefaa kuelezwa kisa wakati huo ni daktari peke yake.

Nakutajia msichana mmoja ambaye mahakama ilimjua kwa herufi JMM tu. Alibakwa, akapata mimba, akaavya kwa njia isiyo salama, akapelekwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikashindwa. Alifariki mwaka 2018. Shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, lilikuwa limeshaenda kortini mwaka 2015 pamoja na familia yake, kwa sababu Wizara ya Afya ilichapisha mwongozo wa madaktari kuhusu jambo hili mwaka 2012, kisha ikauondoa mwaka uliofuata. Madaktari wakabaki hawajui wafanye nini na mgonjwa aliye mbele yao. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu hapa Nairobi walisema wizara ilikosea kuuondoa, na mama yake akaamuliwa alipwe fidia ya shilingi milioni 3. Aliipata hukumu hiyo wakati mtoto ameshazikwa.

Umeniuliza kama nawe ni mshtakiwa kwa kujua. Vile vifungu nilivyokutajia vinamhusu anayeitoa, anayetolewa, na anayetoa dawa au kifaa. Aliyesikiliza hayumo. Badala yake, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa hiyo shida na sheria ungeipata kwa kuisambaza.

Msimamizi mwambie, tena wiki hii. Mwambie kwa namba ya hojaji, usimtaje jina. Sema: mhojiwa huyu nilikuwa namfahamu, nilipaswa kumpisha mwenzangu na sikumpisha, na ana dalili zinazotaka daktari. Huenda mahojiano yale yakawekwa kando. Huenda ukakaripiwa. Sitakuahidi kwamba hutafutwa, lakini msimamizi mwenye akili anajua kwamba anayekuja kusema mwenyewe ndiye wa kumbakisha. Na utafiti wa namna hii haupiti kamati ya maadili bila kueleza mhojiwa atakayepatikana ana shida atasaidiwaje. Mara nyingi kuna nesi au mshauri aliyetengwa kwa kazi hiyo. Hukumtumia kwa sababu ulinyamaza. Kama msimamizi atakuambia "achana naye, hiyo si kazi yetu", namba ya kamati ya maadili iko chini ya ile fomu ya ridhaa unayoisoma kila siku. Ipigie.

Swali lako la usiku nalo nitalijibu, kwa sababu liliniuma. Tafiti hizi zinamsaidia nani? Kwa mwaka 2012 Wizara ya Afya, pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC kilicho hapa Nairobi na wenzao, walikadiria kwamba mimba karibu 465,000 ziliavywa Kenya mwaka huo, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa matatizo yaliyotokana na kuavya kusiko salama. Matokeo mapya yaliyotolewa 2025 yalikadiria zaidi ya mimba 790,000 kati ya Aprili 2023 na Mei 2024. Kabla ya hesabu kama hizi, ukisema jambo hili bungeni au kwenye warsha ya wizara, unaambiwa unazungumzia wasichana wachache wakorofi.

Na ujue zilivyopatikana. Ukimwuliza mwanamke moja kwa moja, wengi watakuambia hapana, kwa hofu ileile ya Neema. Kwa ile hesabu ya 2012, watafiti walikwenda kwenye vituo vya afya wakahesabu waliokuja wakiwa na matatizo, kisha wakawauliza watu wanaoijua kazi hii: kwa kila mmoja anayefika hapa, ni wangapi hawafiki? Neema ni wa hao wasiofika. Hesabu yote ile inamkadiria kwa mbali. Wewe ulikaa naye kwenye kigoda kimoja, akaweka kisu chini, akakuambia. Hukupaswa kuondoka na data peke yake, na hilo unalijua ndiyo maana hulali.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kisasa za kupanga uzazi, na asilimia 14 ya walioolewa wangependa kuchelewesha au kuzuia mimba lakini hawatumii njia yoyote. Ni hatua kubwa kwa nchi yetu. Lakini ona neno "walioolewa". Neema hayumo kwenye asilimia hizo, kama vile hakuhesabiwa kwenye foleni ya yule nesi. Wanaomwona ni kemisti ya steji, na yule wa boda.

Kwa hiyo mkishakaa pamoja, mweleze habari ya P2 vizuri, maana wasichana wengi wanaimeza kwa imani tu. Inafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Baadhi ya wataalamu huiruhusu hadi siku ya tano, ikiwa dhaifu zaidi; siku ya sita aliyoimeza yeye ilikuwa imechelewa. Mimba ikishatunga haiitoi. Haimkingi mtu kwa tendo la kesho. Wala haimfanyi tasa, hata akiimeza mara nyingi. Tatizo ni kwamba anayeitegemea kila mwezi ana kinga hafifu kuliko mwenye njia ya kawaida ya kupanga uzazi, na hedhi yake huvurugika hadi asijue kama ana mimba au hana.

Tena usiliache hili: baada ya mimba kutoka, yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili. Neema anaweza kushika mimba nyingine wakati huu huu akiwa mgonjwa. Siku atakayotibiwa anaweza kuzungumzia njia palepale. Vijiti viko vya miaka 3 na vya miaka 5. Depo ni sindano ya kila miezi mitatu, lakini akiiacha uzazi unaweza kukawia miezi kadhaa kurudi. Koili ya shaba hukaa miaka 10 au zaidi, ila kwake ingoje maambukizi yaishe kabisa. Kondomu iendelee kwa vyovyote, kwa sababu ya Ukimwi na magonjwa mengine. Tangu Marekani ilipokata misaada mwaka 2025 baadhi ya vituo vya umma vimekuwa vikiishiwa, kwa hiyo aulize kwanza kama njia anayoitaka ipo kabla hajamaliza nauli. Na achague mwenyewe. Amechaguliwa vya kutosha.

Sabuni ile usimrudishie. Mtafute Neema mahali pasipo na watu wa ploti wala wa kwaya, umwambie: "Siku ile uliniuliza nitakusaidiaje, nikaondoka. Nimerudi na jibu. Nilichokisikia hakijatoka kwangu na hakitatoka." Kisha fungua karatasi, msomee. Mwulize angependa kwenda na nani: na wewe, na nesi wa utafiti, na rafiki wa chuo, au hata mama yake, akiamua yeye kumwambia. Akisema hapana leo, mwulize tena kesho, na umwambie zile dalili za kutongoja kupambazuke.

Akikutaka wewe, nendeni asubuhi na mapema, foleni ikiwa fupi. Mbebee uji kwenye chupa ya chai. Kitambulisho cha kazi kiache nyumbani.

Shangazi